Daraja la Murongo na biashara iliyohamia vichakani

Omurushaka haiko mpakani, ila inaishi kwa mpaka. Anayetoka Bukoba kupitia Kyaka, anayekwenda Ngara, na anayekata kwenda Nkwenda hadi Murongo, wote huipita njia panda hiyo jirani na Kayanga, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania. Ndizi, maharage, mahindi na kahawa za Karagwe, pamoja na sehemu ya mazao ya wilaya jirani ya Kyerwa, hukusanyika hapo kabla haijajulikana zitaishia wapi. Zikielekezwa ndani ya nchi, zinakwenda Mwanza au Dar es Salaam. Zikielekezwa Murongo, baada ya zaidi ya kilomita 100 zinafika Mto Kagera, na ng'ambo ya mto ni Kikagati, wilaya ya Isingiro, Uganda. Siku mnunuzi wa Uganda anapotoweka, mkulima wa Karagwe hahitaji kutangaziwa. Anaijua habari hiyo kwenye bei.

Machi 2020 mnunuzi huyo alitoweka, au tuseme alitakiwa kutoweka. Uganda ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 21 mwezi huo, na kabla ya siku mbili kwisha ilikuwa imeifunga mipaka yote kwa watu huku mizigo ikiruhusiwa kupita. Kwa aliyeko Kampala au Arusha amri hiyo ilikuwa ya busara: abiria wabaki kwao, biashara iendelee. Lakini mzigo uliokusudiwa ni ule wa ndege ya mizigo au wa lori lenye watu wasiozidi watatu. Mwenye baiskeli iliyofungwa mikungu mitatu ya ndizi, dereva wa bodaboda mwenye gunia la maharage, mama mwenye beseni la nyanya kichwani, hao wote waliingizwa kwenye fungu la abiria. Na kwenye kivuko kama Murongo, sehemu kubwa ya mzigo huvuka ikiwa imebebwa na mtu.

Hapo ndipo ninapoona mporomoko unaostahili kuchambuliwa. Mara nyingi tunasikia kwamba magonjwa ya mlipuko yanaua biashara ya mpakani. Si kweli kabisa. Biashara kati ya Karagwe na Ankole ya Uganda ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe, na haikufa kwa vita wala kwa maradhi. Kinachokufa ni sehemu yake ya halali: ile inayolipa ushuru, inayopita mbele ya afisa wa afya, inayojulikana ni ya nani. Kila dharura ya afya inaimega sehemu hiyo, na dharura inapokwisha kilichomegwa hakirudi chote, kwa kuwa mtaji umeshaliwa na njia nyingine imeshazoeleka.

Mkoa wa Kagera umelipitia jambo hili kwa gharama kubwa kuliko mahali pengine popote nchini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, katika Hospitali ya Ndolage, mwaka 1983. Mwaka huohuo Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na bunge likapitisha sheria maalumu ya kuwashughulikia. Mambo haya mawili huandikwa katika vitabu tofauti, moja la udaktari na jingine la siasa, lakini yalitokea katika ardhi moja na kwa watu walewale. Vita ya Idi Amin ilikuwa imekwisha mwaka 1979 na kuliacha daraja la Kyaka limebomolewa na maduka hayana kitu. Sabuni, chumvi, nguo na betri zilipatikana kwa magendo kutoka Uganda, na magendo yana desturi zake: safari za usiku, fedha taslimu, vituo vya kulala visivyoulizwa maswali, wasichana na vijana wanaofuata fedha hiyo. Wenyeji wa upande wa Bukoba waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la vitambaa vilivyoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Walijua umekuja na biashara ipi.

Siwezi kudai kwamba mpaka ulio wazi ungeuzuia UKIMWI. Haungeuzuia. Hata hivyo, serikali iliyokuwa inamwinda mchuuzi haikuwa na namna ya kuzungumza naye. Afisa wa afya aliyefika sokoni kuuliza nani amelala na nani alifika akiwa mtu wa serikali ileile iliyokuwa inauliza kitambaa hiki umekitoa wapi. Utafiti uliofanywa mkoani mwaka 1987 ulikuta maambukizi kwa karibu robo ya watu wazima wa mji wa Bukoba. Karagwe ilikuwa na asilimia 4.5, na Ngara na Biharamulo chini ya asilimia moja. Ukiipanga ramani hiyo unaona maambukizi yamelala kando ya njia za biashara na miji yake, na Karagwe iko katikati, mahali ambapo bado palikuwa na muda wa kufanya jambo.

Muda ule haukuleta fedha. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa uliokuwa unagawa viwango vya mauzo kwa kila nchi ulivunjika, na bei ya dunia ikaanguka karibu nusu. Kagera ilikuwa na zao moja la kulipia mazishi, ada na dawa, na zao hilo likapoteza thamani katika miaka ileile ambayo kila ukoo ulikuwa na mgonjwa ndani. Miaka minne baadaye hospitali za serikali zikaanza kuchangisha wagonjwa. Mwaka 1995 Shirika la Biashara Duniani likaanza kazi, na pamoja nalo makubaliano ya hataza ambayo yaliwapa wenye dawa ulinzi wa miaka 20. Mkulima wa Karagwe akajikuta anauza katika soko lililoondolewa kila uzio na kununua katika soko lililojengewa ukuta. Dawa za kufubaza virusi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, hadi Cipla ya India ilipotangaza, Februari 2001, kwamba inaweza kuzitoa kwa dola 350. Tamko la Doha likafuata Novemba mwaka huo, likikiri kwamba makubaliano ya hataza hayapaswi kuizuia nchi kulinda afya ya watu wake. Tanzania ilianza kutoa dawa hizo bure mwaka 2004. Kutoka Ndolage hadi hapo ni miaka 21.

Anayetaka kuelewa jinsi sera ya biashara inavyoingia chumbani kwa mgonjwa aitazame butura. Mkulima mwenye shida ya haraka anauza kahawa ikiwa bado maua mtini. Mnunuzi anatembelea shamba, anakisia debe ngapi zitatoka, anatoa fedha siku hiyo, na wakati wa mavuno anakuja kuchukua kilicho chake kwa bei ambayo mara nyingi haifiki nusu ya bei ya msimu. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi, na wakuu wa wilaya wamehubiri dhidi yake katika kila mkutano. Lakini butura si ujinga wa mkulima. Ni benki pekee inayofunguliwa saa nne usiku mtoto anapozidiwa. Chama cha msingi hulipa baada ya kukusanya, kupeleka chama kikuu, kuuza, kukata na kurudisha. Mlanguzi hulipa kabla. Kwa hiyo kila ugonjwa unaoingia nyumbani unaisogeza kahawa kutoka kwenye ghala la ushirika hadi kwenye mkono wa mlanguzi, na kutoka kwa mlanguzi hadi Uganda, ambako soko lilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi zamani na malipo ni ya papo kwa papo.

Mwaka 2018 serikali iliamuru kahawa yote ipite kwenye vyama vya msingi, na kwa Karagwe na Kyerwa maana yake ilikuwa kupitia chama kikuu cha KDCU. Nia ilikuwa njema: kuwaondoa walanguzi na kumpa mkulima mnada. Matokeo ya karibu yalikuwa kuimarika kwa magendo kupitia Murongo, kiasi kwamba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipofika mkoani aliwakemea hadharani viongozi wa vyombo vya dola. Ninalitaja hili kwa sababu ndilo lililoandaa uwanja wa 2020. Korona ilipokuja, njia za panya za kuvuka Kagera hazikuhitaji kuchimbwa. Zilikuwepo, zina wapiga makasia wake, watazamaji wake na viwango vyake vya kulipa. Amri ya Kampala ilipofunga daraja kwa watembea kwa miguu, ilimwondoa tu mchuuzi mdogo mahali alipokuwa anaonekana na kumkabidhi kwa wenye njia.

Uganda ilikuwa na haki ya kuogopa, na haki hiyo tuitamke bila kusitasita. Mapema Mei 2020 Tanzania ilitoa takwimu zake za mwisho, wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Jirani aliyekuwa anapima madereva kwenye mpaka wa Mutukula na kukuta wenye maambukizi alikuwa anaangalia upande wa pili na kuona ukuta mtupu. Angekiaminije cheti kutoka nchi isiyotangaza mgonjwa hata mmoja? Rwanda ikataka malori yabadilishe madereva kwenye mpaka wa Rusumo, na madereva wa Tanzania wakagoma. Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania tarehe 16 Mei isipokuwa kwa mizigo yenye madereva waliopimwa, na wakuu wa mikoa ya Tanga, Kilimanjaro na Arusha wakajibu kwa kuwazuia madereva wa Kenya. Uganda ikaamua kuwatoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake ya wagonjwa na kuwarudisha walikotoka. Marais wa Afrika Mashariki walipokutana kwa mtandao tarehe 12 Mei, Tanzania na Burundi hawakuwemo. Ukimya ule uliamuliwa mbali sana na Mto Kagera, lakini bei yake ililipwa na mtu aliyekuwa anavuka mto huo kwa miguu, ambaye hakuwa ameficha chochote.

Nimesikia hoja kwamba hapakuwa na njia nyingine. Palikuwepo, na ilishajaribiwa karibu kabisa. Agosti 2018 Ebola ililipuka Kivu ya Kaskazini, Kongo, na ikaendelea hadi Juni 2020. Watu 2,287 walikufa. Mwaka 2019 ikafika Goma, mji ambao maelfu ya watu wake huvuka kwenda Rubavu, Rwanda, kila siku, wengi wao wanawake wenye mboga, unga na maziwa. Rwanda ilifunga mpaka tarehe 1 Agosti 2019, ikaufungua baada ya saa chache. Kuanzia hapo kilichotumika kilikuwa ndoo za maji yenye klorini, vipima joto na foleni ndefu. Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja wa Ebola ile. Uganda ilipata, Juni 2019, katika familia iliyoingia Kasese kutoka Kongo kwa njia isiyo rasmi, ikikwepa kituo cha ukaguzi. Kipima joto hakiwezi kumpima aliyepita msituni. Na wakati wa korona, Rwanda na Kongo ziliruhusu wachuuzi wa Goma na Rubavu wajiunge vikundi, mizigo yao ipakiwe pamoja kwenye gari moja na watu wachache wavuke nayo. Haikuwa suluhisho kamili. Faida ilipungua na mtu akapoteza uhuru wa kuchagua mteja wake. Hata hivyo, mfanyabiashara alibaki kwenye daftari.

Afya, bila shaka, ni kisingizio kizuri pia kwa asiyekuwa na mgonjwa. Januari 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Ziwa Victoria kwa sababu ya kipindupindu, ingawa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hawakuona ushahidi kwamba minofu inaambukiza. Zuio hilo lilidumu hadi katikati ya mwaka. Oktoba 2017 Tanzania iliwachoma moto vifaranga 6,400 kutoka Kenya kwenye mpaka wa Namanga, ikitaja hofu ya mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ndani ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Sumukuvu ni hatari ya kweli, inaua. Lakini hatari inayokuja na kuondoka ndani ya wiki moja inamfundisha mkulima kutoamini tangazo lolote, hata lile litakalokuwa la kweli.

Baada ya korona mkoa umejaribiwa tena mara mbili, na majaribio hayo hayakwenda sawa. Tarehe 21 Machi 2023 wizara ya afya ilitangaza virusi vya Marburg katika wilaya ya Bukoba Vijijini. Tangazo lilitoka mapema, mpaka wa Mutukula uliendelea kufanya kazi huku wasafiri wakipimwa joto, na tarehe 2 Juni mlipuko ulitangazwa kwisha: wagonjwa tisa, vifo sita. Miezi 22 baada ya tangazo lile, Shirika la Afya Duniani lilipotaja wagonjwa wanaoshukiwa mkoani Kagera tarehe 14 Januari 2025, jibu la kwanza la wizara lilikuwa kwamba sampuli hazina kirusi. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkuu wa shirika hilo Dodoma, alithibitisha kwamba kipo, wilayani Biharamulo. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa kumi, wote wakafa.

Kwa nini nchi iliyofanya vizuri 2023 ilisita 2025? Nadhani sehemu ya jibu iko nje ya nchi. Novemba 2021 Botswana na Afrika Kusini zilitangaza aina mpya ya kirusi cha korona, na malipo yao yakawa kufungiwa ndege na nchi tajiri ndani ya siku mbili. Kila wizara ya afya barani ililiona hilo. Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005 zinaitaka nchi inayowazuia wasafiri au bidhaa kwa zaidi ya saa 24 ieleze sababu zake kwa Shirika la Afya Duniani ndani ya saa 48. Adhabu ya kutoeleza haipo. Sheria za biashara nazo zimeacha mlango: kifungu cha 20 cha mkataba wa biashara wa GATT kinaruhusu vizuizi vya kulinda afya ya binadamu, na kufikia Aprili 2020 nchi na maeneo ya forodha 80 yalikuwa yamezuia kuuza nje barakoa, dawa, mashine za kupumulia na bidhaa za aina hiyo. Mwaka uliofuata India ilisimamisha kuuza nje chanjo, na Afrika iliyokuwa inazitegemea ikasubiri. Nchi maskini haina barakoa za kuzuia. Ilicho nacho cha kuzuia ni habari, na hiyo ndiyo inayoizuia.

Turudi Murongo, wilayani Kyerwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliotungwa kwa ajili ya watu wa Murongo: cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachomwezesha mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 kuvuka bila ushuru wa forodha na bila wakala. Ni moja ya mambo bora kabisa yaliyowahi kutoka Arusha, makao makuu ya Jumuiya. Faida yake kubwa, ambayo haisemwi sana, ni kwamba kila cheti ni kumbukumbu: jina, bidhaa, tarehe, mahali. Wakati wa mlipuko, orodha hiyo ni dhahabu kwa anayetafuta waliokutana na mgonjwa. Lakini mwongozo uliotolewa na Jumuiya Aprili 2020 kuhusu usafirishaji wa bidhaa wakati wa korona ulizungumzia lori na wafanyakazi wake. Mwenye cheti rahisi akabaki na cheti cha kuvushia bidhaa, bila ruhusa ya kuvuka yeye mwenyewe. Na hata watu waliporuhusiwa tena, kipimo cha korona cha PCR kiligharimu makumi ya dola, fedha inayozidi faida ya safari nyingi za ndizi zikijumlishwa.

Halmashauri nazo zilipoteza. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na huko kulikuwa ni kumpunguzia mkulima mzigo. Baada ya kushusha kiwango, kilichobaki cha kuongeza mapato ni wingi wa mazao yanayopita getini. Gunia linalokwenda mtoni usiku halipiti getini, na zahanati ya kata inayotegemea mapato hayo ndiyo itakayotakiwa kumwona mgonjwa wa mlipuko ujao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kinachohitajika Murongo hakigharimu sana: njia ya watembea kwa miguu inayobaki wazi kwa sheria hata lori linapozuiwa, maji na afisa wa afya kila upande, siku za soko zinazopangwa kwa zamu, vipimo visivyolipiwa kwa mwenye cheti rahisi, na makubaliano ya Kyerwa na Isingiro yaliyotiwa saini kabla ya ugonjwa, wakati bado hakuna anayemshuku mwenzake. Ugumu wake ni wa maslahi. Wenye malori wana chama, wana simu za mawaziri, na madereva wao walipogoma Rusumo Mei 2020 serikali mbili zilikaa mezani ndani ya siku chache. Wenye mitumbwi ya usiku nao wana maslahi yao, na daraja linapofungwa kipato chao hupanda. Mchuuzi wa baiskeli hana chama kinachofika Arusha. Mikutano ya mwezi ule, Rusumo na Namanga, ilimalizika kwa makubaliano kuhusu madereva: wapimwe wapi, cheti kidumu siku ngapi, nani abadilishwe na nani aendelee na safari.